Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wajumbe wa bodi, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu, mbali na kupanda miti, tumefuatilia habari za makampuni ya mafuta na gesi, kwa sababu yamefika mlangoni petu. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki linatoka Hoima, Uganda, hadi hapa kwetu Chongoleani, urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Mafuta ya Hoima yana nta na huganda yakipoa, ndiyo maana bomba lazima lipashwe joto mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, na TPDC, shirika letu la taifa la mafuta na gesi, asilimia 15. Tukataka kujua mbia wetu na wenzake wamekuwa wakisema nini kuhusu tabianchi.

Ukutani nyuma yako ipo karatasi ya manila tuliyochorea mpangilio wa miaka ya misimamo yao. Wino mwekundu ni pale makampuni yalipopinga kanuni za kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, na wa kijani ni pale yalipozikubali. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, James Black, aliwaeleza wakuu wake kwamba kuchoma mafuta na makaa ya mawe kunaongeza joto la dunia. Walijua, Mheshimiwa. Hata hivyo mwaka 1989 makampuni ya mafuta, ya makaa ya mawe na ya magari yaliunda umoja ulioitwa Global Climate Coalition, ukapigana na kanuni hizo hadi kwenye Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesijoto.

Mwaka 1997 una rangi zote mbili. Mwezi Mei, John Browne, mkuu wa BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, alisimama Chuo Kikuu cha Stanford akakiri kwamba hatari ipo na haifai kupuuzwa. Mwezi Oktoba, Lee Raymond, mkuu wa Exxon, alikwenda Beijing akazisihi nchi zinazoendelea zisikubali kubanwa na kanuni, akidai dunia ina baridi kuliko miaka 20 iliyotangulia. BP na Shell, kampuni nyingine kubwa ya mafuta, walijitoa katika umoja ule wa Global Climate Coalition, na mwaka 2002 ukavunjwa.

Mwaka 2015 makampuni sita ya Ulaya, Total (sasa TotalEnergies) ikiwemo, yaliandika barua kuomba serikali ziweke bei kwa hewa ukaa, yaani anayeitoa ailipie. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilipofuta kanuni za kuzuia uvujaji wa methani, gesijoto kali ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, BP, Shell na ExxonMobil (Exxon baada ya kuungana na Mobil) walitaka zibaki. Hapa tulibishana sana klabuni: inakuwaje mtu aombe abanwe? Jibu tuliloliona ni kwamba wakubwa hawa wanauza gesi kwa sifa ya kuwa safi kuliko makaa ya mawe, na methani ikivuja sifa hiyo inapotea. Tena wana fedha za kununua vifaa vya kugundua uvujaji, wakati kampuni ndogo zililalamikia gharama. Hatuwalaumu kwa kutafuta faida. Tunachosema ni kwamba msimamo wao unafuata faida, na faida huhama.

Mwaka 2020 BP iliahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030. Mwaka 2023, baada ya bei kupanda kufuatia vita vya Ukraine, ahadi ikashuka hadi asilimia 25. Mwaka 2025 ikaachwa kabisa, na fedha za kuchimba zikaongezwa. Wino wa kijani umerudi kuwa mwekundu, na hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa ilikuwa ahadi ya hiari. Jambo hili lilituumiza, maana sisi ndio tutakaokuwa watu wazima hapa Tanga wakati mashine za bomba bado zinafanya kazi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusemee kwenye vikao vya mkoa. Vipimo vya gesi inayotoka katika mitambo ya Chongoleani vibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za kata na mitaa, kila mwezi, na kampuni iwajibike kufanya hivyo kwa masharti ya kibali chake. Maktaba yetu ipatiwe muhtasari wa Kiswahili wa tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi huo, kwani tumekuwa tukisoma kwa zamu kwenye simu ya mwalimu mlezi. Tunaomba pia usafiri wa kutufikisha Chongoleani, tukawaulize wahandisi maswali yetu ana kwa ana. Tumeyaandika, na nakala yake tunakukabidhi pamoja na risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.