Semina ya Alhamisi: kupima kichocho cha tumbo

Wapendwa, mtafiti mgeni ataanza saa 8 kamili mchana. Wa Ukerewe, wahini meli ya asubuhi.

Mada ni Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kwa darubini, na tafadhali mje mnajua hesabu yake. Kiolezo cha kawaida, kibao chenye tundu la kupimia, hubeba miligramu 41.7 za kinyesi, hivyo mayai mnayoyaona huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Yai moja likipotea, mmepoteza 24! Ndiyo maana slaidi moja ya darubini haitoshi kwa maambukizi mepesi.

Mayai ya safura someni ndani ya dakika 30 hadi 60, gliserini iliyo kwenye slaidi huyafuta. Ya kichocho hudumu.

Maswali nitumieni Jumatano jioni, mafupi, ili mgeni aje na slaidi za wasilisho zinazoyajibu.