Malalamiko Kuhusu Ukarabati wa Bodi ya Land Rover Series IIA ya Mwaka 1967

Kigamboni,
Dar es Salaam.

Meneja wa Karakana,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUTWA KWA ALAMA ZA KIWANDANI NA KUFICHWA KWA KUTU KWENYE GARI LANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea gari hili likiwa na matatizo mawili tu ya bodi. Sakafu ya miguuni upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu, na digadi la kushoto lilikuwa limechanika kwenye tundu la bolti. Makubaliano yetu, yenye saini ya msimamizi wenu, yalisema kwamba mengine yote yabaki kama yalivyotoka kiwandani. Gari nililokabidhiwa linang'aa na wapita njia wanalisifu, lakini mimi limenihuzunisha, na naomba mnisome hadi mwisho.

Nianze na bodi ya nyuma. Ubavuni mwake palikuwa na mistari ya vishimo vidogo vya mviringo, ambavyo ukipitisha kidole unavihesabu hata ukiwa umefumba macho. Ni alama za mashine iliyobana mabati mawili ya alumini na kuyachomelea pamoja huko Solihull, Uingereza. Marehemu baba, aliyelinunua gari hili kwenye mnada wa serikali, ndiye aliyenionyesha. Mafundi wenu wamevijaza puti vyote, wakapiga msasa, wakapiga rangi. Sasa ubavu ni laini toka mwanzo hadi mwisho, na Land Rover ya 1967 haikuwahi kuwa hivyo.

Gari hili lilibuniwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati chuma Uingereza kilipatikana kwa mgawo. Ndiyo maana tangu 1948 sehemu kubwa ya bodi yake ilitengenezwa kwa alumini ya Birmabright, mabati bapa yaliyoungwa kwa bolti na riveti na kukalishwa juu ya chesisi ya chuma. Lilikusudiwa kazi za shamba. Mabati yake yana mawimbi ukiyatazama kwa upande, mianya ya milango hailingani, vichwa vya riveti viko nje vinaonekana. Mtu anayeyafahamu magari haya hutazama vitu hivyo kwanza, kabla hata ya kufungua boneti, ili ajue kama bodi ni ya asili au ni ya kuungaunga. Ushahidi huo mmeufuta, kisha kwenye ankara mkaniandikia malipo ya "kuondoa kasoro za kiwandani". Nani aliwatuma?

Kijana aliyenikabidhi ufunguo aliniambia kwa furaha, "Mzee, tumekutolea makosa yote ya Mzungu." Simlaumu hata kidogo. Alifanya alichoelekezwa, na mkono wake kwenye rangi ni mzuri kweli. Lawama yangu iko kwa aliyesaini karatasi halafu asimwonyeshe fundi.

Mlango wa dereva nao mmeuongezea puti ukingoni ili mwanya ulingane juu na chini. Bodi ya Land Rover hucheza ikipita kwenye makorongo, na mwanya ule huupa mlango nafasi ya kucheza nayo. Nililipitisha gari kwenye barabara ya vumbi huku kwetu, mlango ukagonga nguzo ya bodi iliyo kando yake, na kipande cha puti kinene kuliko shilingi mia kikadondoka mapajani mwangu. Kama mlitaka mlango ukae vizuri zaidi, bawaba zake zina bolti, zinalegezwa na kurekebishwa. Puti haikuhitajika.

Kinachoniuma kupita yote ni vile vyuma vya kingo juu ya bodi ya nyuma. Kiwanda kilivichovya kwenye zinki na kuviacha bila rangi, vikawa na yale maua ya kijivu ambayo kila mwenye Land Rover Series anayafahamu. Mmevisaga kwa grenda hadi chuma kikatoka, mkavipaka kijani. Zinki ile ndiyo ilikuwa kinga. Huliwa yenyewe kwanza, chuma kikabaki salama, hata pale palipokwaruzwa. Mimi naishi Kigamboni, upepo wa bahari unaniletea chumvi usiku na mchana. Kando ya bolti tayari kuna michirizi ya kutu juu ya rangi yenu mpya, mahali ambapo kwa zaidi ya nusu karne hapakuwa na kutu.

Na sasa kazi niliyowaomba hasa. Alumini haishiki sumaku, hivyo mabavuni sumaku haisemi kitu. Lakini sakafu ya miguuni ni ya chuma. Niliinua zulia nikaweka sumaku, ikateleza mpaka chini bila kushika popote. Nikagonga kwa bisibisi, ukatoka mlio mzito usio wa bati. Nikakwangua: faiba na puti, na chini yake kutu ileile niliyowaletea, imefunikwa ikiwa bado inakula. Miguu ya dereva inakanyaga hapo.

Digadi mmelitia kiraka cha chuma, mkakipiga riveti moja kwa moja juu ya alumini bila kitu chochote katikati. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe. Fundi wa bodi anayepokea Land Rover katika mji wa pwani anapaswa kulijua hili kabla hajashika drili.

Naomba yafuatayo. Sakafu ikatwe na kuwekwa bati jipya la chuma, nami nilione kabla halijapakwa rangi. Kiraka cha digadi kitolewe, kiwekwe cha alumini. Puti ya mabavuni na mlangoni iondolewe kwa dawa ya kutolea rangi na kwa mkono, grenda isiguse alumini, maana bati lile ni jembamba na likishasagwa halirudi. Vyuma vya kingo vipelekwe kuchovywa zinki upya kwa gharama zenu. Fedha mlizonitoza kwa kufuta alama za kiwandani mnirudishie, pamoja na riveti na vipande vyote vya zamani mlivyovitoa, hata kama mnaviona ni takataka.

Nitalileta gari nikishapata majibu yenu kwa maandishi, si kwa simu. Nisipoyapata ndani ya siku 14, nitapeleka makubaliano, ankara na picha zangu Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
Mmiliki wa gari.

Viambatanisho: nakala ya makubaliano, ankara, picha za kabla na baada ya kazi.