Mheshimiwa Waziri, kabla hujaupiga marufuku mvuke, utazame moshi

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Salaam, pamoja na heshima zote za cheo chako. Barua hii inamhusu waziri yeyote wa afya aliyewekewa mezani pendekezo la kupiga marufuku sigara za kielektroniki, akaona ni jambo jepesi la kutia saini. Kwa nini lisiwe jepesi? Wazazi watashangilia, magazeti yatapongeza, na wavutaji sigara hawana chama cha kuwasemea. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilivuta miaka 19, na huu ni mwaka wa nne sijaweka sigara mdomoni.

Niseme mapema, maana najua utajiuliza: siuzi vifaa hivyo, sina ndugu anayeviuza, na sikuvipenda hata siku moja. Vilinifaa tu.

Mara ya kwanza niliacha kwa kiburi. Nilivunjavunja pakiti nzima mbele ya watu wa nyumbani, wakapiga makofi. Siku ya tatu nikamfokea mwanangu kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, kisha nikatoka nje kumwomba sigara mtu nisiyemjua hata jina. Asiyewahi kuvuta hudhani hapo kilichokosekana ni nia. Nikotini ikivutwa hufika ubongoni ndani ya sekunde chache, na ubongo uliokwisha kuizoea hudai haki yake kwa hasira, kukosa usingizi, kushindwa kutulia na njaa isiyoeleweka. Arosto hiyo huwa kali zaidi wiki ya kwanza, kisha hupungua wiki hadi wiki. Wengi wetu hatufiki huko inakopungua.

Mara ya pili nilijaribu vibandiko vya nikotini. Mwili ukatulia kiasi, lakini mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, na kila baada ya chai mdomo ulikuwa unasubiri kitu. Nilidumu wiki saba. Vibandiko ni dawa ya kweli, vimesaidia watu wengi na Shirika la Afya Duniani limeviweka katika orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009. Kwangu havikutosha.

Mara ya tatu ndiyo nikashika vepu, yaani sigara ya kielektroniki.

Mheshimiwa, ubaya mkubwa wa sigara uko kwenye moto. Tumbaku ikiungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na kadiri ya 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Juu yake weka lami inayoganda mapafuni na kaboni monoksaidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mwaka 1976 daktari Michael Russell wa Uingereza aliandika kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini kinachowaua ni lami. Sigara ya kielektroniki haina tumbaku inayoungua. Betri hupasha moto koili, yaani waya uliosokotwa, na koili hugeuza majimaji kuwa mvuke: propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini. Hon Lik, mfamasia wa China aliyebuni kifaa hiki cha kisasa mwaka 2003, alikuwa mvutaji mwenyewe akitafuta pa kutokea.

Je, mvuke ni salama? Hapana, na anayekwambia ni mvuke wa maji tu anakudanganya. Nikotini ni ileile na uraibu ni uleule, vifaa vibovu vikipata moto kupita kiasi hutoa kemikali za hatari, na madhara ya kuvuta mvuke kwa miaka 30 hayawezi kujulikana kabla miaka 30 haijapita. Mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya England ilikadiria kuwa madhara yake ni pungufu kwa asilimia 95 kuliko ya sigara. Wataalamu wengine waliibishia sana tarakimu hiyo, na mimi sitaipigania. Kwa mtu ambaye havuti kitu, mvuke ni hasara tupu. Ila mimi sikuwa nachagua kati ya mvuke na hewa safi. Nilikuwa nachagua kati ya mvuke na pakiti moja kwa siku.

Upo utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2019. Watu 886 waliotaka kuacha waligawanywa makundi mawili, wote wakipewa ushauri: kundi moja likapata sigara za kielektroniki, jingine vibandiko na dawa nyingine za nikotini. Baada ya mwaka, waliokuwa wameacha sigara ni asilimia 18 upande wa kwanza na asilimia 9.9 upande wa pili. Wapinzani wa vepu hawapendi sehemu hiyo. Sehemu ambayo wauzaji hawaipendi ni hii: kati ya wale walioacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta mvuke mwaka ulipoisha. Ukisikia upande mmoja unasoma nusu tu ya utafiti huo, jua unauziwa kitu.

Wasaidizi wako bila shaka watakuletea habari za Marekani za mwaka 2019, vijana walipolazwa mahututi kwa mapafu kuharibika. Ni kweli, na ni msiba: hadi Februari 2020 zilihesabiwa kesi zaidi ya 2,800 za waliolazwa au kufa, na waliofariki walikuwa 68. Waulize pia chanzo. Uchunguzi ulielekeza lawama hasa kwenye asetati ya vitamini E, iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi yaliyouzwa kwa magendo. Na soko la magendo, Mheshimiwa, ndilo hasa linalobaki ukipiga marufuku lile la halali.

Hoja ya watoto siipuuzi. Mwaka huohuo wa 2019 zaidi ya robo ya wanafunzi wa sekondari za juu nchini Marekani walisema wamevuta mvuke ndani ya siku 30 zilizotangulia. Nina mtoto, nami sitaki aanze na rangi za kupendeza na harufu ya pipi. Basi mzigo huo waangushie waliouleta. Uingereza imepiga marufuku vepu za kutumia na kutupa tangu Juni 1, 2025, na wakati huohuo huduma zake za kuacha sigara huwapa wavutaji watu wazima vifaa vya kujazwa tena. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikotini cha miligramu 20 kwa mililita na kutaka chupa ambazo mtoto hawezi kuzifungua. Upande mwingine, India ilipiga marufuku sigara za kielektroniki mwaka 2019 ikaziacha sigara za kawaida sokoni. Hapo ndipo nisipoelewa. Kinachoungua kinauzwa, kisichoungua ni kosa la jinai!

Kwa hiyo ombi langu ni kifaa hiki kiwekwe mahali pa dawa, kiondolewe mahali pa pipi. Anayevuta akifika kwa daktari aonyeshwe njia zote: ushauri, vibandiko, vidonge vya vareniklini vinavyopunguza hamu ya nikotini, na vepu ikiwa hizo zimemshinda. Aambiwe wazi kwamba kuchanganya vepu na sigara hakumsaidii sana, kwa sababu hata sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Aambiwe pia kwamba hajachelewa. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, wakakuta aliyeacha akiwa na miaka 60 aliongeza takriban miaka mitatu ya kuishi, na aliyeacha akiwa na 30 aliongeza kama kumi.

Mimi nilianza na miligramu 18 za nikotini kwa mililita, nikashuka 12, kisha 6, kisha 3. Safari ilichukua miezi 14, na ile ngazi ya mwisho kutoka 3 hadi sifuri ilikuwa ngumu kuliko nyingine zote, sijui kwa nini. Kifaa chenyewe kimelala kabatini, betri imekwisha.

Kabla hujatia saini, Mheshimiwa, kaa na wavutaji watano walioacha na watano walioshindwa. Usiwaite na kamera. Waulize walijaribu mara ngapi, na mara ile waliyoshindwa walikuwa na nini mkononi.

Wako mtiifu,
Mvutaji mstaafu