Mwenye polio akiwekwa nyonga bandia, muulizeni na choo chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme neno juu ya wagonjwa wanaobadilishwa nyonga hali ya kuwa misuli yao imekwisha zamani.

Shangazi yangu alipata polio akiwa mdogo. Mguu wa kulia ukabaki mfupi, mwembamba, na maisha yake yote ametembea huku mkono umekandamiza goti. Mwaka juzi aliteleza uani akavunjika shingo ya paja, mguu ule ule. Tukapanda meli Mkoani, tukavuka, akawekwa nyonga bandia. Upasuaji wenyewe sina la kuulalamikia, kidonda kilifunga vizuri.

Wiki ya tano alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Alipotaka kuinuka tulisikia "ko!", akapiga ukelele, na mguu ukageukia ndani. Nyonga imechomoka.

Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa "asikunje sana". Sana ndiyo kiasi gani? Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mwanangu aliisoma, inasema asikalie kiti kifupi. Nani kwetu anaihesabu mbuzi kuwa kiti? Wala hakuna aliyeuliza choo chetu kikoje. Ni cha kuchuchumaa, kama cha majirani zetu wote.

Baadaye ndipo daktari mmoja aliponifahamisha. Nyonga bandia ni mpira ndani ya kikombe, na kinachoushika usitoke ni misuli ya takoni na pajani. Ya shangazi ilikufa utotoni. Kwake yeye, goti kupanda juu ya usawa wa nyonga ni hatari kubwa zaidi kuliko kwa mtu mwenye misuli mizima. Madaktari wa mifupa wanalijua hili. Wafaransa walibuni tangu miaka ya 1970 kikombe chenye mpira ndani ya mpira, kisichochomoka kirahisi. Na si kikombe tu. Mwenye ugonjwa wa kunyauka misuli, zipo dawa za kulegeza mwili wakati wa usingizi wa upasuaji zinazoweza kuusimamisha moyo wake. Kwa hiyo kuuliza habari za misuli kunatakiwa kuwe kabla ya kisu.

Afrika ilitangazwa kuepukana na kirusi cha asili cha polio Agosti 2020, na madaktari vijana wengi hawajamuona mgonjwa mpya. Lakini waliougua miaka ya sitini na sabini tunao mitaani, Unguja na Pemba, na umri wa kuanguka ndio huu.

Ninachoomba hakihitaji mashine. Mgonjwa apewe karatasi ya Kiswahili yenye picha: mbuzi, choo, mkeka, kitanda cha kamba. Mtu wa mazoezi amuone kabla hajalazwa, si siku ya kutoka, na aulize nyumbani kuna nini. Sisi kiti cha choo tulichongewa na seremala kwa siku moja tu, baada ya maafa. Kusali juu ya kiti kulimliza shangazi kuliko maumivu, mpaka shehe akaja mwenyewe kumtoa wasiwasi.

Alifanyiwa upasuaji wa pili. Mbuzi tumeipigilia misumari juu ya meza, anakuna nazi amesimama, na hataki kusaidiwa.

Msomaji wako,
Wete, Pemba