Watu wa nyanda za juu hawakuishi peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera kila nisomapo makala kuhusu watu wa nyanda za juu, wawe wa Afrika au wa mbali. Tunaorodheshewa kabila na milima yake, Wamerina na Imerina huko Madagaska, Waaymara na Altiplano ya Amerika Kusini, Basotho na Maluti ya Lesotho, kana kwamba kila watu walifungiwa huko tangu dunia iumbwe, wasimjue hata jirani.

Historia inasema vingine. Basotho, ambao nchi yao yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hawakupanda mlimani wakiwa taifa moja. Walikuwa koo, na mabaki ya koo, zilizotawanywa na Mfecane, yaani vita na misukosuko ya kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 19, ambazo mfalme Moshoeshoe alizipokea kwenye mlima wake wa Thaba Bosiu kuanzia mwaka 1824. Aliyefika mikono mitupu aliweza kupewa ng'ombe wa mafisa, yaani wa kuazimwa, awakamue na kuwatumia kulima huku wakibaki mali ya mfalme, na kwa njia hiyo hata wenye asili ya Kinguni, jamii ya Wazulu na wenzao, wakahesabiwa Basotho. Mlima wenyewe ulifaa: juu ni tambarare yenye chemchemi na malisho, na njia za kupandia ni chache na nyembamba.

Kilimanjaro nako, Wachaga tunaowataja leo kwa jina moja walikuwa chini ya mamangi (machifu) wengi, waliopigana wao kwa wao na kuuziana bidhaa na misafara ya pwani. Mtu wa Rombo akisema Kichaga chake, wa Machame huenda asiambulie kitu.

Kwamba watu walisongamana juu si ajabu, kwa kuwa mvua, udongo wa volkano na uchache wa malaria viliwavuta. Lakini kusongamana si kujitenga. Huko Andes mahindi hulimwa mabondeni, viazi juu zaidi na llama huchungwa juu kabisa, hivyo ilikuwa vigumu jamii kujitosheleza kwa mazao ya ukanda mmoja tu. Papua Guinea Mpya, ambako hadi miaka ya 1930 wageni walidhani (kwa ujuaji wao) kwamba sehemu za ndani za kisiwa hazina watu, wenyeji wa milimani walikuwa tayari wakilipa mahari kwa makombe ya bahari ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Ninaomba basi waandishi wenu, wanapolitaja kabila la milimani, waeleze pia lilioa wapi na lilifanya biashara na nani.

Msomaji wenu.