Jumamosi: hadithi ya Alice Walker
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa kumi alasiri, palepale. Tunasoma "Everyday Use" ya Alice Walker, ya mwaka 1973. Ni fupi, kwa hiyo visingizio vya muda sipokei.

Dee anarudi kijijini kwa mama yake akiwa kajibadili jina, sasa ni Wangero, na anasalimia kwa Kiganda (Waganda wa humu, mtatuambia kama kapatia!). Anayataka mablanketi ya viraka ya bibi yake akayatundike ukutani. Angalieni kile kiraka cha bluu iliyopauka, ukubwa wa kiberiti, kilichokatwa kwenye sare ya vita ya babu wa zamani. Mama anampa Maggie, mdogo wake Dee, atakayejifunika.

Mimi niko na mama. Wa Dee, njooni na hoja. Na nakala zangu mbili hazijarudi, jamani.