Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Mzee wa Kagera tumemzika, orodha bado mnayo

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Jumamosi tumemzika mzee niliyemtaja katika barua yangu ya kwanza kwako, nilipoomba orodha za majina ya mgambo wa vita vya Kagera; yule mgambo aliyetolewa shambani mwishoni mwa 1978 akarudi na mguu mmoja. Ameacha daftari la hesabu lenye majina kumi na moja ya wenzake. Mbele ya kila jina aliandika kabila, kisha hilo kabila akalikata kwa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza, alinijibu: "Kule tulilala handaki moja, makabila ya nini?"

Hicho ndicho ninachotafiti, Ndugu Mkurugenzi. Jeshi tulilorithi kwa Mwingereza liliasi Januari 1964, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita Waingereza walewale waje kuwanyang'anya askari silaha. Ile aibu ilizaa jeshi jipya Septemba mwaka huohuo, likaitwa la Wananchi, likachukua vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Miaka kumi na minne baadaye Idi Amin wa Uganda akaivamia Kagera, na jina hilo likapimwa. Wakulima walivaa magwanda, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Majenerali tunawajua. Huyu wa daftari, nani amemwandika?

Machi mwaka jana uliniambia mwenyewe, umesimama mlangoni kwako: "Njoo baada ya wiki mbili." Nimekuja mara sita, kutoka Bukoba, kwa basi. Pikipiki nimeuza, nikalipia nauli na gesti. Mara faili liko kwa bosi, mara mwenye ufunguo yuko semina, mara ni mambo ya usalama. Usalama gani? Siombi mipango ya vita. Naomba orodha za majina ya mgambo, basi. Nahisi kuna mtu anaogopa kuweka saini asije akaulizwa kesho. Kama ni hivyo, saini wewe. Uliahidi wewe.

Kila nilipomtembelea mzee, hata salamu hazijaisha, aliniuliza: "Mwalimu, wamekupa?" Mara ya mwisho hakuuliza. Alinitazama mikono tu.

Katika wale kumi na mmoja, wengine wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa. Walio hai ni wawili, na mmoja wao macho hayaoni tena. Nipeni hiyo orodha nikamsomee mwezi huu, angali anasikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia, Bukoba